Picha Zilizovuka Mto Ruvuma

NCHI JIRANI: Maelezo kwa wasikilizaji wetu walio katika jeshi na polisi

Katika miaka kumi ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, tangu mwaka 1964 hadi mwaka 1974, mizigo ya namna mbili ilikuwa ikivuka mto Ruvuma. Mzigo wa kwanza ulitoka kaskazini kwenda kusini. Ulikuwa mzigo wa risasi, mabomu ya kutega ardhini, dawa, nguo na madaftari ya shule, nao ulibebwa kichwani na mabegani na wanaume kwa wanawake kwa mwendo wa siku nyingi. Habari za mzigo huo zimesimuliwa mara kwa mara, na wazee wengi wa Mtwara na Ruvuma wanazikumbuka. Mzigo wa pili ulitoka kusini kuja kaskazini, nao ulikuwa mdogo hata kuweza kuingia katika mfuko wa shati. Huo ulikuwa mzigo wa mikanda ya kamera, iliyopigwa picha huko Cabo Delgado, Niassa na baadaye Tete, ikaletwa Dar es Salaam kusafishwa, kuchapwa na kusambazwa duniani.

Mzigo wa kwanza ndio uliomshinda Mreno porini. Mzigo wa pili ulimshinda katika mabunge, makanisa, vyuo vikuu na magazeti ya nchi za nje, mahali ambapo risasi haifiki. Leo tunakusudia kueleza jinsi picha inavyojenga sura ya chama cha mapinduzi mbele ya watu, jinsi inavyoweza kuibomoa, na kwa nini jambo hilo linamhusu askari kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa kabla ya picha hizo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya uongozi wa Dakta Eduardo Mondlane. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, katika Cabo Delgado. Wakati huo neno lilikuwa mali ya Mreno. Serikali ya Lisbon iliiambia dunia kwamba haina makoloni, ina majimbo ya ng'ambo tu. Ikasema kwamba katika majimbo hayo hakuna vita, ila kuna majambazi wachache wanaotumwa kutoka nje kuwasumbua wananchi walioridhika. Tena Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na mabalozi wake walikaribishwa kila mahali.

Juu ya neno hilo Mreno alikuwa na picha zake. Mwezi Machi 1961, kaskazini ya Angola, wafuasi wa chama cha UPA waliyashambulia mashamba ya walowezi na kuwaua kwa mapanga wazungu na Waafrika, wakiwamo wanawake na watoto. Serikali ya Ureno ilizipiga picha maiti hizo na kuzisambaza katika nchi za Magharibi. Haikueleza habari za kazi ya shuruti wala za pamba ya kulazimishwa. Wala haikuonyesha mauaji makubwa zaidi ya Waafrika yaliyofanywa na majeshi na walowezi kwa kulipiza kisasi. Basi msomaji wa gazeti huko London au Bonn, kila aliposikia habari za mpigania uhuru wa Afrika, alikumbuka panga na maiti ya mtoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya mapinduzi katika macho ya wageni, na FRELIMO ililazimika kuishinda sura hiyo kabla hata ya kufungua kinywa.

Ndiyo sababu chama hicho kilikuwa na Idara ya Habari na Propaganda iliyofanya kazi zake Dar es Salaam. Kiongozi wake wa miaka mingi alikuwa Ndugu Jorge Rebelo, ambaye pia ni mshairi. Idara ilitoa jarida la Kiingereza lililoitwa Mozambique Revolution kwa wasomaji wa nje, na la Kireno, A Voz da Revolução, kwa wanachama wenyewe. Wapigaji picha wake walikuwa wapiganaji waliofunzwa bunduki kama wenzao, wakatembea katika safu ile ile na kula chakula kile kile. Mmoja wao, Daniel Maquinasse, aliendelea na kazi hiyo baada ya uhuru, akawa mpigapicha wa Rais Samora Machel, akafa pamoja naye katika ajali ya ndege ya Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986.

Sasa, ndugu wasikilizaji, hebu tujiulize swali la kiaskari. Mpigapicha huyu anaona nini? Kila aliyepitia mafunzo anajua kwamba vita vya msituni ni vita vya giza na vya kushtukiza. Shambulio la Chai lenyewe lilifanyika usiku. Anayelala katika shambulio la kuvizia hawezi kuinua kichwa apate kutazama katika kamera, na mkanda wa siku zile ulitaka mwanga wa kutosha. Kwa hiyo picha nyingi za vita vile hazikuwa picha za mapigano. Zilikuwa picha za safu ya watu wanaovuka mto maji yakiwa kifuani, za watoto walioketi chini ya mti mbele ya ubao, za muuguzi anayemfunga mtu kidonda, za wanakijiji wanaolima mihogo na mahindi huku bunduki zikiwa zimeegemezwa kando, na za makuruta katika gwaride.

Jambo lililotokana na ugumu wa kazi likageuka kuwa nguvu. Mtu wa Ulaya aliyetarajia kuona panga aliona ubao wa shule. Aliyetarajia kundi la watu wenye hasira aliona safu iliyopangika. Na aliyeambiwa kwamba Mwafrika amechochewa na wageni alimwona mwanamke amejitwika sanduku la risasi kichwani na kubeba mtoto mgongoni, akajiuliza mwenyewe: Ni mgeni gani anayeweza kumchochea mtu hata akabeba mzigo huo mwendo wa wiki nzima?

Picha za wanawake zilikuwa na uzito wa pekee. Kikosi cha wanawake cha FRELIMO kilianza mafunzo ya kijeshi katika miaka ya 1966 na 1967, na jambo hilo halikupita bila upinzani ndani ya chama chenyewe, maana wapo walioona kwamba bunduki si kazi ya mwanamke. Picha za wapiganaji hao ziliwasema wapinzani wa ndani sawa na zilivyowasema wakoloni. Ndugu Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, anajulikana kwa vijana wa leo kwa sababu ya picha chache zilizobaki. Siku aliyokufa ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hadi leo.

Kadhalika sura ya kiongozi ilibadilika kadiri vita vilivyobadilika. Dakta Mondlane, aliyekuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu huko Marekani, alionekana katika picha za mwanzo kama msomi mwenye suti, mtu ambaye waziri wa nchi ya Magharibi angeweza kuketi naye. Alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, na Ndugu Samora akashika uongozi mwaka 1970, sura iliyoonekana ni ya askari: ndevu, kofia ya kijeshi, kidole kilichoinuliwa. Hakuna aliyedanganya katika picha hizo mbili. Lakini kila moja ilichaguliwa kwa wakati wake na kwa watazamaji wake.

Hapo tunafika kwenye shina la jambo. Je, picha hizo zilikuwa kweli? Mtu asiyeipenda FRELIMO atasema kwamba zilikuwa propaganda, maana mpigapicha alitumwa na chama, akapiga kile chama kilichotaka, na mara nyingine aliwaambia watu wasimame vizuri. Hayo ni kweli. Kuchagua ni sehemu ya kila picha, kwani kamera ina jicho moja nalo hutazama upande mmoja. Watu waliochoka, waliokimbia na waliogombana hawakupewa nafasi katika jarida. Lakini kuchagua si sawa na kuzua. Shule ile chini ya mti ilikuwapo kweli, na mwalimu wake alikuwa anafundisha kweli.

Tena Mreno naye alipiga picha za shule. Majeshi yake yaliwahamisha wakulima kwa maelfu na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ili wasiweze kuwapa wapigania uhuru chakula wala habari. Ndani ya vijiji hivyo askari wa Kireno walipigwa picha wakiwatibu wagonjwa na kuwafundisha watoto kusoma. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, zote zina watoto, zote zina ubao. Basi kwa nini moja iliaminika na nyingine haikuaminika?

Jibu ni kwamba FRELIMO iliwaruhusu watu kuja kuhakikisha. Mwezi Julai 1968 mkutano wake mkuu wa pili ulifanyika Machedje, ndani ya jimbo la Niassa, na mwandishi Mwingereza Basil Davidson alihudhuria. Mtengeneza sinema wa Yugoslavia, Dragutin Popović, alikwenda katika maeneo yaliyokombolewa katika miaka ile ya 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Mwingereza Margaret Dickinson, na pia Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, ambaye filamu yake ilipewa jina la mwito wa chama, A Luta Continua, maana yake mapambano yanaendelea. Filamu hizo zilionyeshwa katika kumbi za makanisa, vyama vya wafanyakazi na wanafunzi. Mgeni aliyetembea kwa miguu siku nyingi bila kumwona askari wa Kireno hakuhitaji kuambiwa ni nani anayetawala nchi ile. Picha ilitoa ahadi, na macho ya mgeni yakathibitisha kwamba ahadi ile haikuwa hewa. Lakini mtu aliyepelekwa na Mreno katika kijiji cha seng'enge hakuweza kutoka nje ya seng'enge hiyo.

Ndipo misaada ikaja. Mwaka 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianza kutoa fedha kwa vyama vya ukombozi, na Sweden, nchi ya Magharibi, ilivisaidia vyama hivyo kwa dawa, chakula na vifaa visivyo vya kijeshi. Si haki kusema kwamba picha peke yake ilileta hayo. Kazi ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na msimamo wa Tanzania na Zambia, vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Lakini mtu hutoa fedha zake kwa moyo mweupe zaidi anapoona uso wa yule anayempa.

Ndugu wasikilizaji, picha haina bwana wa kudumu. Aliyeipiga huiachia, nayo ikiisha kutoka haimtii tena. Juu ya hilo tuna ushahidi hapa hapa jirani, nchini Kenya.

Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa. Serikali ya kikoloni ikampiga picha akiwa amelala juu ya machela, nywele zimesokotana, mikono imetiwa pingu. Nia yake ilikuwa dhahiri: waliobaki msituni na raia waliowaunga mkono waone kwamba mtu waliyemdhani hashikiki ameshikika, na kwamba ni dhaifu kama mtu mwingine yeyote. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halijatambuliwa rasmi hadi leo. Lakini picha ile ilibaki. Watoto wa waliotishwa kwa picha ile walipoitazama, hawakuona tena jambazi aliyeshindwa. Waliona mtu aliyejeruhiwa kwa ajili yao ambaye macho yake hayakuinama. Mwaka 2007, katika siku ya kumbukumbu ya kifo chake, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Picha ya mkoloni ilimwonyesha na pingu mikononi, na sanamu ya wananchi inamwonyesha ameshika bunduki.

Jambo kama hilo lilitokea mbali zaidi, kwa mtu ambaye nchi yetu na Kongo zinamfahamu. Ernesto Che Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma mwaka 1965 akienda kupigana Kongo ya Mashariki, akaondoka huko bila ushindi. Tarehe 9 Oktoba 1967 aliuawa nchini Bolivia akiwa mateka. Kesho yake jeshi la nchi hiyo liliulaza mwili wake katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali ya Vallegrande, likawaita waandishi wa habari. Picha maarufu iliyopigwa na Freddy Alborta inamwonyesha marehemu macho wazi, na maofisa wamesimama juu yake, mmoja akimwonyesha kidole. Jeshi lilitaka kuthibitisha kwamba mtu huyo amekufa. Watu wengi duniani walipoiona picha ile walikumbuka michoro ya Yesu aliyeteremshwa kutoka msalabani. Mwili ukazikwa kwa siri usije ukafanywa mahali pa hija, na mabaki hayakupatikana hadi mwaka 1997. Lakini jeshi lililoficha kaburi lilikuwa limekwisha kuitangaza picha, na picha haizikwi.

Maofisa wale hawakuwa wajinga. Walikosea hesabu moja tu. Walidhani kwamba picha ya adui aliyeshindwa huonyesha nguvu ya mshindi. Kumbe mtazamaji, akimwona mtu mmoja amelala na wengine wenye silaha wamesimama, moyo wake huenda kwa aliyelala. Hivyo ndivyo binadamu alivyo, na hakuna amri ya kijeshi inayoweza kumbadili.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani mahali ambapo picha haikuwapo. Tarehe 16 Desemba 1972, katika jimbo la Tete, askari wa Kireno waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, wakawaua watu takriban 400, wanaume, wanawake na watoto. Hapakuwa na kamera. Kwa miezi kadhaa dunia haikujua lolote. Mapadre wamisionari ndio waliokusanya habari kwa walionusurika, wakaandika majina ya waliokufa, jina moja baada ya jingine. Tarehe 10 Julai 1973 gazeti la The Times la London lilichapa taarifa iliyotolewa na Padre Adrian Hastings, siku chache kabla ya Waziri Mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kuzuru Uingereza.

Wareno wakakanusha. Walidai hata kwamba mahali panapoitwa Wiriyamu hapamo katika ramani. Kama pangekuwa na picha moja tu, hoja hiyo isingethubutu kutamkwa. Lakini yale majina yalifanya kazi ambayo picha ingeifanya. Mtu anaweza kukana kijiji, lakini ni vigumu kukana orodha ya majina ya akina mama pamoja na watoto wao. Wanadhani kamera pekee ndiyo shahidi wale ambao hawajapata kukutana na mwananchi mwenye kumbukumbu njema na padre mwenye kalamu.

Tarehe 25 Aprili 1974 jeshi la Ureno lenyewe liliipindua serikali yake, na sababu moja kubwa ilikuwa kuchoshwa na vita vya Afrika. Picha iliyobaki ya siku ile ni ya ua jekundu lililotiwa katika mtutu wa bunduki. Jeshi ambalo kwa miaka kumi na mitatu lilijulikana kwa vijiji vya seng'enge lilipata sura mpya kwa siku moja, kwa sababu siku hiyo lilifanya tendo jipya. Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975.

Kusini mwa Msumbiji, katika jiji lililoitwa wakati ule Lourenço Marques, watu wengi walikuwa hawajapata kuiona sura ya Samora, maana udhibiti wa kikoloni ulizifunga picha hizo nje. Humo jijini walikuwamo wapigaji picha hodari kama Ricardo Rangel, aliyezaliwa mwaka 1924. Picha yake ya mwaka 1973, ya kijana mchunga ng'ombe aliyechomwa chapa ya moto usoni na tajiri wake, inaeleza ukoloni kuliko hotuba ya saa mbili. Udhibiti ulipoondoka, picha za msituni na picha za mjini zikakutana, na wananchi wa kusini wakawajua kwa sura viongozi waliokuwa wakiwasikia redioni kwa siri.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na lile lisilopendeza. Mwezi Mei 1975, katika kambi ya Nachingwea, FRELIMO iliwasimamisha hadharani watu iliowaita wasaliti. Miongoni mwao alikuwamo Mchungaji Uria Simango, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama hicho, na Lázaro Kavandame, aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Simango alisomeshwa maungamo marefu mbele ya wageni, na picha zikapigwa. Baadaye watu hao wakauawa bila kufikishwa mbele ya mahakama, na kwa miaka mingi wananchi hawakuambiwa. Chama kilichopata heshima kwa kuwafungulia wageni milango, hapo kilionyesha nusu ya jambo na kuficha nusu ya pili. Picha za maungamo zilikusudiwa kufunga mjadala. Leo, nusu karne baadaye, picha hizo hizo ndizo zinazoufungua, maana kila anayemwona mtu yule akisoma karatasi huuliza: Kisha akapelekwa wapi?

Ndugu wasikilizaji wa jeshi na polisi, hayo si hadithi za kale tu. Katika jimbo lile lile la Cabo Delgado, tangu tarehe 5 Oktoba 2017, kundi la wauaji lilianza kuwashambulia wananchi. Mwezi Oktoba 2020 lilivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kundi hilo halina shule chini ya mti wala zahanati ya kuonyesha, lakini linajua nguvu ya picha. Baada ya shambulio la mji wa Palma, mwezi Machi 2021, zilitangazwa duniani picha zilizosemwa kuwa za Palma. Wachunguzi walipozitazama majengo na barabara zake, wakagundua kwamba zilipigwa mji mwingine, Mocímboa da Praia. Picha zilikuwa za kweli, bali maelezo yake yalikuwa ya uongo. Kwa hiyo askari anapooneshwa picha, aulize kwanza mahali, siku na mpigaji, kama vile anavyouliza asili ya taarifa yoyote ya upelelezi.

Na liko jambo lililo zito zaidi. Mwezi Januari 2023 ulienea mkanda ulioonyesha watu waliovaa sare za kijeshi katika Cabo Delgado wakitupa maiti juu ya lundo la takataka linalowaka moto. Jumuiya ya SADC, iliyokuwa na kikosi chake huko, ikatangaza uchunguzi. Hatuna haja ya kutoa hukumu hapa. Tunasema jambo moja tu. Mkanda ule haukupigwa na adui aliyejificha kichakani. Kwa jinsi unavyoonekana, ulipigwa karibu kabisa na waliokuwa wakifanya tendo lile, kwa simu ya mkononi. Vijiji vilivyokuwa vimeanza kuwaamini askari viliuona. Na adui naye aliuona, akapata bure kitu ambacho asingekipata kwa bunduki zake zote.

Siku za Nachingwea mpigapicha alikuwa mmoja katika kombania, na picha yake ilipita katika mikono ya viongozi kabla ya kutoka. Leo kila askari ana kamera mfukoni, na kila raia pia. Wapo wanaodhani kwamba dawa yake ni kupiga marufuku simu. Amri hiyo ina mahali pake, hasa kwa usalama wa vikosi, maana picha ya kambi humfundisha adui njia za kambi. Lakini haitoshi, kwani huwezi kuipiga marufuku simu ya mwanakijiji aliyesimama dirishani. Dawa iliyo kamili ni ile iliyowafaa wapiganaji wa Msumbiji katika miaka yao bora, nayo ni kutenda jambo ambalo huogopi lionekane. Sera ya FRELIMO ilikuwa kwamba mateka asiuawe wala kuteswa, na kwamba Mreno wa kawaida si adui, adui ni utawala wa kikoloni. Sera hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kamera. Lakini kamera ilipokuja, ilikuta jambo la kuonyesha.

Bendera ya Msumbiji, iliyopitishwa mwaka 1983, inabeba bunduki, jembe na kitabu. Ukizitazama tena zile picha zilizovuka Ruvuma, utaviona vitu hivyo vitatu vikirudiwa mara kwa mara. Taifa lilijichora kwa picha zake, na kwa sababu hiyo lina wajibu wa kupimwa kwa picha hizo. Vivyo hivyo kila askari atapimwa kwa picha iliyopigwa siku ambayo hakujua kwamba anatazamwa.

Wahenga walisema kwamba siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Jeshi lililozoea kutenda uovu gizani haliwezi kuokolewa na mpigapicha hodari siku mambo yanapofichuka. Na jeshi linalowatendea wananchi haki halitakuwa na sababu ya kuikimbia kamera.

Mwisho.